Je, Wajua? Kadi Inayofungua Geti la Bandari

Mzigo haupiti bandarini bila karatasi. Una hati yake ya shehena, una kibali cha forodha, una namba ya kontena na lakiri juu ya mlango wake. Binadamu anayeushusha naye ana karatasi yake: kadi anayoivaa shingoni au kifuani, yenye picha, jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Makuli, madereva wa malori, waendesha kreni, mafundi, mawakala wa forodha na wanaopeleka vyakula melini hupita geti lilelile na kuulizwa swali lilelile: wewe ni nani, na umefuata nini humu?

Safari hii tunaifungua kadi hiyo tuione ndani. Tutakaa zaidi na ile ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama TWIC, kwa sababu historia yake ni ndefu na kasoro zake zimefichuliwa hadharani na Wamarekani wenyewe. Mafunzo yake yanaihusu kila nchi yenye gati.

1. Je, wajua kwamba mwenge wa Sanamu ya Uhuru ulifungiwa wageni kwa sababu ya hujuma ya bandarini?

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 30 Julai 1916, ghala la silaha la Black Tom lililipuka katika bandari ya New York, upande wa Jersey City. Hapo palikuwa pamerundikwa mabehewa na matishari ya mabomu na baruti yakisubiri kupelekwa kwa Uingereza, Ufaransa na Urusi, waliokuwa wakipigana na Ujerumani. Marekani yenyewe ilikuwa bado haijaingia vitani. Vioo vya madirisha vilipasuka Manhattan, ng'ambo ya maji, na mtikisiko ulifika hadi Philadelphia. Vipande vya vyuma viliipiga Sanamu ya Uhuru, na tangu mwaka huo umma haujaruhusiwa tena kupanda kwenye mwenge wake.

Uchunguzi ulichukua miaka mingi. Mwaka 1939 tume ya madai ya Marekani na Ujerumani iliamua kwamba majasusi wa Ujerumani ndio waliohusika. Malipo ya mwisho ya fidia yalikamilika mwaka 1979. Mahali palipowekwa maelfu ya tani za hatari palikuwa na ulinzi hafifu mno, na mtu asiye na shughuli yoyote aliweza kufika karibu na mabehewa. Kuanzia hapo Marekani ikaanza kujiuliza kwa dhati nani anaingia kwenye magati yake. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo walikuwa tayari wanatoa vitambulisho vya picha na alama za vidole kwa wafanyakazi wa bandarini.

2. Je, wajua kwamba Kenya ilikuwa na kitambulisho cha kazi chenye alama ya kidole zaidi ya miaka 80 kabla ya kadi ya TWIC?

Kiliitwa kipande. Sheria yake ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915 na kuanza kutumika sawasawa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kuwa nacho, kimewekwa ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inizwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina, kabila, alama ya kidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe ya kuanza na kuacha kazi. Aliyeacha kazi bila mwajiri wake kutia sahihi alihesabiwa mtoro, na kukamatwa bila kipande kulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku alipowakusanya watu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa.

Tunakitaja kipande hapa kwa sababu kinaonyesha kwamba kadi ya kazi inaweza kuwa chombo cha usalama, na inaweza pia kuwa mnyororo. Tofauti imo katika maswali mawili: je, sheria inamhusu kila mtu au jamii moja tu? Na je, aliyenyimwa kadi ana mahali pa kulalamika?

3. Je, wajua kwamba zamani kuli wa New York aliajiriwa kwa kuangaliwa uso tu?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, vibarua wa magati ya New York walikusanyika kila asubuhi, na tena mchana, wakasimama nusu duara mbele ya mnyapara. Yeye ndiye aliyenyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Waliobaki walirudi nyumbani mikono mitupu. Rushwa ikawa ndiyo ada ya kuchaguliwa, na makundi ya wahalifu yakawatawala wanyapara hao. Mwandishi Malcolm Johnson wa gazeti la New York Sun aliyafichua haya katika mfululizo wa makala zilizompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1949. Filamu ya mwaka 1954 iitwayo On the Waterfront, ambayo Marlon Brando aliigiza, ilitokana na ulimwengu huohuo.

Mwaka 1953 majimbo ya New York na New Jersey yaliunda tume ya pamoja ya kusimamia bandari. Mtindo huo wa kuchagua watu kwa kidole ukapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kuanzia hapo kuli alitakiwa kuandikishwa, na mwenye rekodi nzito ya uhalifu aliweza kukataliwa. Kwa kibarua mnyonge, usajili huu ulikuwa ukombozi wa aina fulani, kwa kuwa jina lake sasa lilikuwa kwenye daftari na halikutegemea tena kidole cha mnyapara. Tume hiyo iliishi miaka 70. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba New Jersey ina haki ya kujitoa, nayo ikajitoa.

4. Je, wajua kwamba mabaharia waliwahi kuishtaki serikali ya Marekani kwa kunyimwa kadi, wakashinda?

Mwaka 1950, Vita vya Korea vilipoanza na hofu ya ukomunisti ikiwa imetanda, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa Rais mamlaka ya kulinda bandari na meli. Rais Truman akaagiza mabaharia na wafanyakazi wa magati wachunguzwe. Aliyetiliwa shaka hakupewa kibali, na bila kibali hakuna kazi. Tatizo ni kwamba wengi hawakuambiwa wameshtakiwa kwa lipi hasa, wala nani aliyewasema. Mtu alipoteza riziki yake kwa maneno ya mshtaki asiyemjua.

Baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwaka 1955, katika kesi ya Parker dhidi ya Lester, mahakama ya rufaa huko San Francisco iliamua kwamba utaratibu huo unakiuka katiba kwa kuwa haumpi mtu nafasi ya haki ya kujitetea. Mwaka 1968 Mahakama Kuu nayo, katika kesi ya Schneider dhidi ya Smith, ikasema sheria ile ya 1950 haikuipa serikali ruhusa ya kuwahoji mabaharia kuhusu imani na uanachama wao wa kisiasa. Wanaoandika sheria za vitambulisho leo wanaandika juu ya jasho la mabaharia hao.

5. Je, wajua kwamba kanuni za sasa za ulinzi wa bandari duniani zilikubaliwa na kuanza kutumika ndani ya miezi 19 tu?

Matukio yalikuwa yamelimbikizana. Oktoba 1985 meli ya watalii ya Italia, Achille Lauro, ilitekwa karibu na pwani ya Misri na watu waliokuwa wamepanda kama abiria wa kawaida, na abiria mmoja Mmarekani aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akauawa. Oktoba 2000 manowari ya Marekani USS Cole ilishambuliwa kwa boti yenye mabomu ikijaza mafuta bandarini Aden, na mabaharia 17 wakafa. Yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Oktoba 2002 meli ya mafuta ya Kifaransa, Limburg, ikashambuliwa kwa njia hiyohiyo karibu na pwani ya Yemen.

Desemba 2002 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari zilikutana London na kupitisha kanuni inayoitwa ISPS. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Inazihusu meli za abiria, na meli za mizigo za kuanzia tani 500, zinazosafiri kati ya nchi na nchi, pamoja na magati yanayozipokea. Kila kituo cha bandari kinatakiwa kuwa na afisa wa usalama, mpango wa usalama ulioidhinishwa na serikali, na udhibiti wa wanaoingia. Kuna ngazi tatu za tahadhari: ya kwanza ni ya siku zote, ya pili ni pale hatari inapoongezeka, ya tatu ni pale shambulio linapotarajiwa au linapokaribia.

6. Je, wajua kwamba geti bovu la bandari moja huisumbua meli kwenye bandari nyingine?

Chini ya kanuni hizo za ISPS, nahodha anaweza kuulizwa na nchi anayokwenda kuhusu vituo 10 vya mwisho vya bandari alivyotia nanga, na ngazi ya usalama aliyokuwa nayo kila mahali. Meli ikitoka mahali pasipoaminika, inaweza kukaguliwa zaidi, kucheleweshwa au hata kuzuiwa kuingia. Ndiyo maana Mombasa, Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar hazina hiari katika jambo hili. Mlinzi wa Kilindini anayemwachia mtu apite bila pasi kwa kuwa "ni ndugu yetu huyu" anaweka shaka juu ya meli itakayofika Durban, Jebel Ali au Rotterdam wiki chache baadaye. Na ucheleweshaji hulipwa. Anayeulipa mwishoni ni mwenye duka na mnunuzi wa sukari.

7. Je, wajua kwamba kadi ya TWIC ilichukua karibu miaka mitano kutoka kwenye sheria hadi mkononi mwa mfanyakazi?

Sheria iliyoagiza kadi hii ilitiwa sahihi na Rais George W. Bush tarehe 25 Novemba 2002. Uandikishaji wa kwanza ulifanyika katika bandari ya Wilmington, jimbo la Delaware, Oktoba 2007. Masharti yakaanza kutumika nchi nzima Aprili 2009. Kadi ilidumu miaka mitano, na ada ya mwanzo ilikuwa dola 132 na senti 50, ambazo kwa kawaida mfanyakazi alizitoa mfukoni mwake. Mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, ndiyo inayochunguza watu na kutoa kadi. Walinzi wa Pwani ndio wanaosimamia matumizi yake magetini.

Mwanzoni mfanyakazi alilazimika kwenda kituoni mara mbili: mara ya kwanza kujiandikisha, mara ya pili kuchukua kadi. Kwa mtu wa Alaska au wa kijiji cha mbali, hiyo ilimaanisha safari mbili ndefu na siku mbili bila ujira. Malalamiko yalisikika, na kuanzia mwaka 2014 kadi ikaanza kutumwa nyumbani kwa posta.

8. Je, wajua kwamba ndani ya kadi hiyo hamna picha ya kidole chako?

Ndani ya chipu mmehifadhiwa vipimo vya kihesabu vya alama za vidole viwili: mistari inapogawanyika, inapoishia, na umbali kati ya nukta hizo. Mwenye kadi akiweka kidole kwenye mashine, vipimo vipya vinalinganishwa na vilivyomo kwenye chipu. Vikiafikiana, mashine inajua aliyeshika kadi ndiye mwenye kadi. Vipimo hivyo vikisomwa bila kugusisha kadi na mashine, hupita hewani vikiwa vimefumbwa, ili jirani mwenye kifaa cha kunasa mawimbi asiambulie kitu. Aidha, kuna orodha ya kadi zilizofutwa, ambayo magati yanaweza kuitazama ili kadi iliyoibiwa au iliyofutiwa idhini isiendelee kupita.

9. Je, wajua kwamba kuwa na TWIC hakukupi haki ya kuingia bandarini?

Watu wengi hulikosea hili, hata wenye kadi. Kadi inasema jambo moja tu: mtu huyu amechunguzwa na hakuonekana kuwa tishio. Mwenye gati bado anatakiwa kuuliza jambo la pili: ana shughuli gani hapa leo? Dereva mwenye TWIC lakini asiye na namba ya mzigo wa kuchukua anaweza kurudishwa, na hajaonewa.

Asiye na kadi naye hafungiwi kabisa. Anaweza kuingia akisindikizwa na mwenye kadi. Mwongozo wa Walinzi wa Pwani ulielekeza kwamba mtu mmoja asisindikize zaidi ya wageni 10 katika eneo la kawaida la ulinzi, na wasizidi 5 katika eneo lenye masharti makali zaidi, ambako ni lazima atembee nao bega kwa bega.

10. Je, wajua kwamba aliyewahi kufungwa jela anaweza bado kuipata kadi?

Sheria inagawa makosa katika mafungu. Ujasusi, uhaini, uchochezi dhidi ya dola na ugaidi humfungia mtu moja kwa moja bila msamaha. Mauaji na makosa ya mabomu nayo ni ya kudumu, ila mhusika anaweza kuomba msamaha maalumu. Makosa mengine mazito, kama ulanguzi wa dawa za kulevya, unyang'anyi, rushwa au magendo, humzuia mtu ikiwa alitiwa hatiani ndani ya miaka 7 iliyopita au alitoka gerezani ndani ya miaka 5.

Mwombaji anayekataliwa huandikiwa barua yenye sababu, na ana siku 60 za kujibu. Kama taarifa zilizotumika ni za uongo au ni za mtu mwingine mwenye jina kama lake, anakata rufaa. Kama ni za kweli lakini amebadilika, anaomba msamaha kwa kuonyesha ushahidi: barua za waajiri, vyeti vya mafunzo, maneno ya watu wanaomjua. Kazi za bandarini hulipa vizuri kwa mtu asiye na shahada, na kwa aliyetoka jela kazi ya halali ndiyo kinga bora ya kutorudi huko. Mlango huu wa msamaha unailinda jamii kama geti lenyewe linavyoilinda.

11. Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kadi yenye chipu ilikaguliwa kwa macho tu?

Chipu, vipimo vya vidole na namba ya siri vyote vilikuwemo, lakini magetini hapakuwa na sharti la kuwa na mashine za kuvisoma. Mlinzi aliangalia picha, akaangalia uso, akaangalia tarehe, basi. Mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyowashtua wengi. Wapelelezi wake waliojifanya wafanyakazi walifaulu kuingia bandarini kwa kutumia kadi bandia, na pia kwa kadi halisi walizozipata kwa udanganyifu. Maelezo ya uongo kuhusu shughuli zao nayo yalikubaliwa.

Kanuni ya kulazimisha mashine ilitolewa mwaka 2016, tena kwa maeneo ya hatari kubwa peke yake: kwa mfano yanayopokea kemikali hatari kwa wingi, au meli zinazobeba abiria zaidi ya 1,000. Hata hivyo, kwa baadhi ya vituo tarehe ya utekelezaji ilisogezwa mbele mara kadhaa. Kufunga mashine kwenye upepo wa chumvi, mvua na foleni ya mamia ya malori ni kazi ngumu na ghali, na mashine inayokataa kadi nzuri husimamisha bandari nzima.

12. Je, wajua kwamba kadi halali kabisa iliwahi kumfikisha muuaji kwenye manowari?

Usiku wa tarehe 24 Machi 2014, dereva wa lori mwenye TWIC aliingia katika kambi ya jeshi la majini ya Norfolk, jimbo la Virginia. Hakuwa na mzigo wa kupeleka wala wa kuchukua. Alitembea hadi gatini, akapanda manowari USS Mahan na kumpokonya bunduki mlinzi wa zamu. Askari Mark Mayo alijitupa katikati kumkinga mwenzake, akapigwa risasi na kufa. Mshambuliaji naye aliuawa na walinzi. Mayo alipewa nishani ya ushujaa baada ya kifo chake.

Ilibainika kwamba dereva huyo aliwahi kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na bado kadi yake ilikuwa halali. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba getini hakuulizwa vya kutosha amefuata nini. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kutaka uchunguzi wa waombaji uboreshwe na mpango mzima upimwe upya. Siku hiyo kadi ilikuwa halali, na picha ilikuwa ya mwenyewe. Kilichokosekana ni swali la pili.

13. Je, wajua kwamba baharia anaweza kufika Marekani na asikanyage nchi kavu?

Baharia wa kigeni anahitaji viza ili kushuka. Akiwa nayo, bado kati ya ngazi ya meli na geti kuna eneo la ulinzi ambalo hawezi kulipita peke yake bila TWIC. Kwa miaka mingi baadhi ya magati yaliwazuia, au yaliwatoza fedha nyingi kwa kuwasindikiza hatua mia chache. Mtu aliyekaa baharini miezi minane alibaki akitazama mji kupitia dirisha la melini. Mwaka 2010 Bunge liliagiza mabaharia wapitishwe bila kutozwa, na kanuni kamili ikatoka Aprili 2019.

Wakati wote huo, waliowaokoa mara nyingi walikuwa makasisi na watu wa kujitolea wa vituo vya mabaharia, waliojichukulia TWIC ili waweze kuwasindikiza hadi nje na kuwapeleka dukani au mahali pa kuwapigia simu wake zao. Shirika la Mission to Seafarers, lililoanzishwa mwaka 1856, hufanya huduma ya namna hiyo katika bandari nyingi duniani, Mombasa na Dar es Salaam zikiwemo.

Kimataifa, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2003 Mkataba namba 185 kuhusu kitambulisho cha baharia, ili kimsaidie kupata ruhusa ya kushuka. Marekebisho ya mwaka 2016 yalikifanya kiwe na chipu yenye picha ya uso, kama pasipoti za kisasa. Marekani haijauridhia.

14. Je, wajua kwamba kuna bandari zinazosoma kiganja, na nyingine zinazokupangia mahali pa kuvaa kadi?

Antwerp nchini Ubelgiji na Rotterdam nchini Uholanzi zimetumia kadi zinazolinganishwa na umbo la mkono: urefu wa vidole, upana na unene wa kiganja. Kwa mtu ambaye kazi ya mikono imemsugua alama za vidole, umbo la mkono husomeka kwa urahisi zaidi. Australia nayo ina kadi iitwayo MSIC, na sheria yake inataka ivaliwe juu ya kiuno, mbele au ubavuni, upande wa picha ukionekana wote. Kuitia mfukoni ndani ya eneo la ulinzi ni kosa.

Hata hivyo wahalifu hutafuta njia nyingine. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba walanguzi wa dawa za kulevya waliwatumia wadukuzi kuingia kwenye kompyuta za kampuni za bandarini Antwerp, ili wajue kontena lao liko wapi na kulichukua kabla ya mwenyewe. Uholanzi ilikuwa ikiwakamata vijana waliojificha ndani ya vituo vya makontena ili kutoa kokeni, na kuwaachia kwa faini ndogo. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kuonekana humo bila ruhusa kunaweza kumpeleka mtu jela.

15. Je, wajua kwamba kadi ya bandarini inaweza kukufupishia foleni ya uwanja wa ndege?

Mwenye TWIC anayekidhi masharti anaweza kutumia namba iliyo nyuma ya kadi yake anapokata tiketi ya ndege ya ndani ya Marekani, akapitishwa kwenye mstari wa haraka uitwao PreCheck bila kulipia tena. Kadi yenyewe inakubalika pia kama kitambulisho kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Wengi wanaoilipia hawaijui faida hii.

Jambo hili linawagusa ndugu zetu. Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wanaoendesha malori Marekani, na matangazo mengi ya kazi za kubeba makontena au mafuta hutaka TWIC. Si lazima uwe raia: mkazi wa kudumu, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaweza kuomba. Jina kwenye hati zako zote liwe moja, herufi kwa herufi. Mtu aliyeandikwa Juma Ali kwenye hati moja na Ali Juma kwenye nyingine hujiletea usumbufu wa bure. Na ukipokea barua ya kukataliwa, usiitupe kwa hasira. Isome, hesabu zile siku 60, ujibu.

Kwa wanaosimamia bandari zetu, neno ni hili. Msikimbilie kununua mashine za bei kubwa huku askari wa geti hajui aulize nini, analipwa kiduchu, na anaogopa kumzuia bosi mwenye gari kubwa. Mfundisheni, mlipeni, mumtetee anapomrudisha mkubwa asiye na pasi. Wekeni pia utaratibu wa wazi wa rufaa kwa kuli na dereva anayenyimwa kadi, apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kwenda kujitetea. Nawe msomaji, siku utakapofika getini na kuulizwa umefuata nini, jibu kwa heshima. Anayekuuliza yuko kazini, analinda riziki za watu wengi, na yako ikiwemo.